Barafu, Bakuli na Mama Mkwe

Jumanne, 10 Februari

Joto. Joto lisilo na adabu. Saa nne asubuhi mashine yangu ya fotokopi ilitoa harufu ya kuungua, ikameza cheti cha kuzaliwa cha mteja, ikagoma. Nikafunga kibanda. Mteja nadhani bado yuko pale mlangoni.

Nikaenda mgahawani kwa mama mkwe kutafuta kivuli. Viti ishirini, mteja mmoja, naye amelala. Nani atakunywa mchuzi wa moto kwenye jua hili? Mke wangu alikuwa jikoni, palepale aliposimama miaka kumi na mmoja, anakoroga sufuria isiyo na mlaji.

Mama mkwe akatuita sote. Alisema miguu yake imechoka. Jumapili atakabidhi funguo za mgahawa kwa mmoja wa binti zake: mke wangu, au mdogo wake. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kitu cha moto, kila mmoja atapewa siku moja ya kuuza barafu ya kukuna, yenye shira juu. Ijumaa mke wangu, Jumamosi mdogo wake. Yeye ataamua.

Ataamuaje? Kila mtu mtaani anajua. Mama mkwe hapimi mgahawa kwa faida wala kwa sifa. Hukaa nyuma kwenye karai la kuoshea vyombo, akaangalia mabakuli yanavyorudi. Likirudi tupu, chakula kimependwa. Likirudi na kitu ndani, mpishi ajitazame. Miaka thelathini ndiyo mizani yake hiyo.

Nyumbani mke wangu akaniomba jambo moja tu: nisimsaidie. Nikacheka. Hakucheka. Akanikumbusha habari ya feni. Nikamwambia ya feni yamepita. Akanikumbusha habari ya paa. Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Akasema funguo zile ndizo kitu pekee alichowahi kukitaka kwa moyo wake wote. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Niliogopa.

Na bado naogopa. Maana mdogo wake ameolewa na Fundi Friji! Huyo ndiye mwanyumba wangu, tumeoa ndugu. Yeye anajua baridi inakotoka. Mke wangu ameolewa na mwenye mashine inayokula vyeti. Tumeshashindwa kabla hatujaanza. Nitakaa mbali, sawa. Lakini kukaa mbali si kulala.

Jumatano, 11 Februari

Utafiti. Nimetoka saa tano, daftari mfukoni. Nimeaga kwamba naenda kutafuta wino.

Mahali pa kwanza: kibanda kando ya stendi. Viti vya plastiki vinavyong'ang'ania suruali. Barafu ya chengachenga, shira nyekundu. Nikauliza ni ladha gani. Mwenye kibanda akafikiri, akasema ni nyekundu. Ulimi wangu sasa ni mwekundu mpaka kooni. Ajabu ni kwamba pamejaa watu. Inavunja moyo.

Mahali pa pili: mkahawa wa ghorofani wenye kiyoyozi. Barafu ya embe na maziwa mazito. Nzuri! Nikala haraka kabla mhudumu hajaniuliza naandika nini. Kosa. Baridi ikapanda mpaka kwenye kipaji cha uso. Nilishika kichwa kwa mikono miwili, nikaguna kama ng'ombe. Mhudumu kwa huruma akaniletea maji, ya baridi, nikayanywa. Familia ya meza ya jirani ikahama na sahani zake.

Mahali pa tatu: uani nyuma ya duka la vitambaa, kwa mwanamke wanayemwita Bibi Theluji. Mungu wangu! Barafu laini, inayeyuka kabla hujaamua kuitafuna. Pasheni halisi, mbegu zinalia chini ya meno. Nilikula mabakuli mawili. La tatu nilitaka kuliacha nikashindwa. Nusura nilie. Tutafikaje hapa kufikia Ijumaa?

Lakini jicho langu halilali. Mapande ya barafu ya mama yule yalikuwa mezani, nje ya friza, yamefunikwa gunia, yanavuja jasho! Nikamuuliza mbona anaiacha iharibike. Akacheka, akasema barafu nayo hupumzika kabla ya kazi, kama mtu. Wafanyabiashara bwana! Hawakupi siri hata uwabane kwa mlango. Nimeandika daftarini: "Mikono ya dhahabu, lakini mvivu. Barafu isitoke kwenye friza mpaka dakika ya mwisho."

Ndipo akaingia Fundi Friji. Nikajificha nyuma ya orodha ya bei. Orodha yenyewe ukubwa wa kiganja. Akanisalimu, akamuulizia shemeji yake, akasema amekuja kutengeneza friza. Alikuwa na kisanduku cha vifaa na nyaya. Akalala chini ya friza kabisa, akafungua skrubu. Hakuna mpelelezi hodari kama yule. Nimerudi nyumbani nikitetemeka, sijui ni hofu au ni barafu.

Alhamisi, 12 Februari

Tumbo. Sitaandika zaidi kuhusu tumbo.

Mke wangu aliniuliza kwa nini ulimi wangu mwekundu. Nikasema dawa ya kikohozi. Akauliza kikohozi kimeanza lini. Nikakohoa.

Jioni alichemsha shira ya pasheni na ya embe. Nyumba nzima ikanukia. Akanipa mwiko niulambe, akasimama ananitazama usoni kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikamwambia ukweli: tamu kuliko ya Bibi Theluji. Akauliza Bibi Theluji ni nani. Nikakohoa tena. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Kisha akanishika mkono akarudia: kesho nisikanyage mgahawani. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu, na nilikuwa namaanisha kila neno.

Ijumaa, 13 Februari

Nimekwisha.

Niandike kwa utaratibu. Saa mbili asubuhi niliona mke wangu amesahau kichujio. Kichujio! Bila kichujio mbegu zote kwenye koo za watu. Kiapo kilihusu kukanyaga mgahawani, si kukanyaga uani. Nikapita mlango wa nyuma.

Hakukuwa na mtu. Na pale mezani, chini ya gunia, mapande matatu ya barafu. Nje ya friza! Yanalia machozi! Nikasema moyoni, mke wangu kachoka, kasahau, joto limemchanganya. Tungepoteza kila kitu kwa usahaulifu mdogo. Nikayabeba moja moja, nikayarudisha kwenye friza, nikazungusha kile kitufe cha baridi mpaka namba ya mwisho. Nikatoka kwa mwendo wa shujaa. Kichujio nikarudi nacho nyumbani.

Saa sita nikashindwa kuvumilia. Nikarudi nikasimama kwenye korido ya nyuma, ile ya giza kati ya ukumbi na uani. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Nikaona fahari. Kisha nikasikia mke wangu akiuliza nani amerudisha barafu ndani. Watu walikuwa wanagonga meza.

Pande la kwanza likaingia kwenye mashine ya kukunia. Ikalia kama mtu anasaga kokoto. Kisu kikapata pengo. Yaliyotoka hayakuwa theluji, yalikuwa changarawe. Mwalimu Mstaafu, mteja wetu wa siku zote, aling'ata mara moja tu, akafunika mdomo kwa leso, akatoka haraka. Waliofuata walilamba shira juujuu, wakaacha mawe.

Na mabakuli yakaanza kurudi. Yamejaa.

Utaratibu ni huu: mhudumu huyaweka kwenye rafu pale koridoni, mama mkwe huyachukua kwa upande wa pili, kupitia kidirisha. Kati ya mhudumu na mama mkwe kuna rafu. Kati ya mke wangu na funguo kuna rafu. Nami nimesimama kando ya rafu nikiwa na kijiko. Ungefanya nini?

Nikala. Bakuli la kwanza, la pili, la tano. Hayatafuniki, nikafyonza. Hayafyonzeki, nikameza mazimamazima. Kufika la nane sikuwa na ulimi. La tisa, machozi yalinitoka yakakauka palepale. Kichwa kilipasuka. Lakini kupitia kidirisha nilimsikia mama mkwe akiimba taratibu kila alipopokea bakuli tupu, na wimbo ule ukanitia nguvu. Kwenye bakuli la kumi na mbili nikakuta kitu kigumu ambacho hakikuyeyuka. Nikakitoa mdomoni. Meno ya bandia ya Mwalimu Mstaafu, safu ya juu, nzima. Nikayatia mfukoni.

Nikashika la kumi na tatu. Mlango wa koridoni ukafunguka. Mama mkwe! Amekuja kutafuta sabuni.

Miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi hata kula mbele ya mama mkwe bila kuinamisha macho. Leo amenikuta na kijiko mdomoni, maziwa mazito kidevuni, nakula mabaki ya watu gizani. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, sakafu ile ni ya zege. Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwangu huwa sipewi chakula. Nilitaka kujieleza. Mdomo ulikuwa umeganda. Nikasema "mmm."

Nyuma yake alikuwa mke wangu. Amelisikia swali la mama yake lote. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Aliuliza jambo moja, kama ni mimi niliyegusa barafu. Nikaitika kwa kichwa. Akasema niende nyumbani. Akarudi ukumbini akiwa amenyooka mgongo, na mikono yake inatetemeka.

Nimelala chali tangu saa nane. Kila nikifumba macho naiona ile mikono.

Jumamosi, 14 Februari

Hajasema nami. Ameondoka alfajiri kwenda kumsaidia mdogo wake kuosha vyombo. Kumsaidia mpinzani! Huyo ndiye mwanamke niliyemponza.

Kabla ya kifungua kinywa niliyatia meno ya Mwalimu kwenye bahasha, nikayapitisha chini ya mlango wake. Nikarudi, nikakaa kama kifaranga kilichonyeshewa. Kisha, katikati ya majonzi, hesabu ikanijia yenyewe. Mabakuli ya mke wangu yalirudi na vitu. Mabakuli ya mdogo wake nayo yakirudi na vitu, wako sawa. Simdhuru mtu. Nasawazisha.

Nikawakusanya wanne: Kinyozi, Fundi Viatu, Mzee wa Magazeti na Dereva. Nikawapeleka kwenye hoteli ya wali na maharage, ile yenye mbu na televisheni. Niliwalisha. Nikawaongezea. Dereva akafungua mkanda. Fundi Viatu akaomba kupumzika kidogo, nikamkatalia, nikamwongezea wali. Walipokuwa hawawezi tena kucheka nikawapa maelekezo: waende kwa shemeji, kila mmoja aagize bakuli kubwa, aonje, asikitike, aache nusu. Mimi nikabaki ng'ambo ya barabara, juani, maana kivuli chote kilikuwa upande wao.

Dakika ishirini. Nikaona kupitia dirishani mabakuli manne yakiinuliwa. Nikaona yakiinamishwa, mpaka tone la mwisho, juu ya midomo. Kinyozi akaagiza la pili! Mzee wa Magazeti, ambaye hajasifu kitu tangu nimjue, alisimama akampa mkono shemeji yangu.

Walitoka wanang'aa. Nikawauliza kulikoni. Kinyozi akasema kosa ni langu mwenyewe, mtu aliyekula maharage kiasi kile hana dawa nyingine ila barafu, inashuka yenyewe. Dereva akaniuliza kama Jumamosi ijayo tutarudia. Wasaliti wakubwa.

Nikatazama tena dirishani. Fundi Friji alikuwa anazungusha mpini wa mashine. Kisu kimenolewa, nadhani ni yeye aliyekinoa. Mke wangu na mdogo wake walikuwa wamesimama bega kwa bega, mikono imejaa povu, wanacheka kwa kitu fulani. Sikumbuki ni lini nilimfanya acheke vile. Jua lilikuwa la utosi na sikuondoka.

Jumapili, 15 Februari

Tumeitwa saa kumi. Viti vimepangwa. Nilikaa karibu na mlango, kama mgeni wa mbali.

Mama mkwe akaanza na barafu ya Jumamosi. Akasema ilikuwa nzuri, mabakuli yamerudi yanang'aa, hana neno. Fundi Friji akainamisha kichwa kwa heshima. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi.

Kisha Ijumaa. Akasema alijua tangu pande la kwanza, kwa sauti tu. Barafu isiyopumzika hulia kama kokoto, na yeye hakumfundisha binti yake kazi hiyo. Kwa hiyo alipoanza kupokea mabakuli matupu alishangaa sana, akaimba ili asicheke. Alikuja koridoni kuona ni panya wa ukubwa gani. Watu wote wakanitazama. Nikaitazama dari.

Lakini kuna yaliyotokea baada ya mimi kufukuzwa, nami nilikuwa sijui. Mke wangu hakuifunga siku. Aliyafunga yale mapande kwenye gunia, akachukua mchi, akayatwanga yeye mwenyewe mpaka yakawa laini, akayamimina kwenye bilauri na sharubati ya pasheni, akawaita waliokwisha kuondoka warudi wanywe. Alitwanga mpaka jioni. Malengelenge mikononi. Hakumgombeza mhudumu, hakumlaumu mtu. Na hakuna bilauri iliyorudi na tone.

Mama mkwe akasema siku nzuri hata mtoto anaiendesha. Mgahawa anapewa anayeweza kuendesha siku mbaya. Akakitoa kitita cha funguo kifuani, akamnyooshea mke wangu. Mdogo wake ndiye aliyepiga vigelegele kwanza.

Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenda kumkumbatia. Mama mkwe akainua kidole. Kuna sharti. Kuanzia mgahawa unapofunguliwa mpaka unapofungwa, mume wake asivuke kizingiti, si cha mbele, si cha nyuma, si kwa kichujio wala kwa...

Mke wangu akasema, "Sawa, Mama."

Hakumwachia hata amalize! Huyu ni mwanamke anayesimama robo saa kuchagua vitunguu, akikigeuza kimoja kimoja. Mimi hakunigeuza hata upande mmoja. Sawa, Mama. Na watu wakapiga makofi, na Fundi Friji akapiga zaidi, kisha akaja akanishika bega akaniambia pole sana, kwa dhati, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Njiani alitembea kando yangu. Tukafika mlangoni. Akasema amenisamehe juzi ileile, wakati anatwanga, lakini funguo hawezi kuzisamehe zikipotea. Kisha akaingia ndani akalala na funguo mkononi. Nimekaa hapa kibarazani tangu hapo. Napenda mke wangu. Ningependa ijulikane.

Jumatatu, 16 Februari

Saa nne nimefunga kibanda, mashine inatoa moshi. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka ng'ambo ya mgahawa. Sikuvuka. Foleni ndefu. Yeye yuko mezani mbele, kitambaa kipya kichwani, anazungumza na kila mteja. Hajui namtazama, nilidhani.

Mwalimu Mstaafu akavuka barabara, meno yake mdomoni, mikononi bakuli. Akasema ametumwa. Barafu ya pasheni, laini, imepumzika sawasawa. Akasema mke wangu amesema nikae kivulini, nile taratibu, nisishike kichwa.

Nilikula nikilia waziwazi. Mwalimu akageuka pembeni kwa staha. Bakuli lilikuwa tamu, na lilikuwa limetoka mahali ambapo mimi siruhusiwi kuingia. Nikaapa moyoni: sitamsaidia tena maisha yangu yote. Nimejifunza. Nimekuwa mtu mpya.

Nikiwa mtu mpya, niligeuza kichwa kutafuta pa kuweka bakuli. Nyuma yangu kuna kibaraza kitupu, na karatasi mlangoni: kinapangishwa. Kinatazamana na mgahawa uso kwa uso! Nikatafakari. Mtaa mzima sasa unauza barafu. Barafu kwa Bibi Theluji, barafu stendi, barafu ghorofani. Chai ya moto, ya tangawizi, katika joto hili, hauzi mtu hata mmoja! Hakuna mshindani! Na watu wakishatokwa jasho kwangu, watakimbilia wapi kama si kwa mke wangu? Sharti ni kizingiti. Ng'ambo ya barabara haikutajwa, na mama mkwe ni mtu wa kutaja kila kitu.

Mwalimu aliniuliza kwa nini natabasamu. Nikamwambia ni barafu.

Nimeonana na mwenye kibaraza, tumekubaliana. Fundi Viatu ananiazima birika kubwa. Mke wangu sijamwambia, nataka aone mwenyewe moshi ukipanda mbele ya mlango wake, afurahi. Kesho saa moja nawasha jiko.